Wanaotuandikia hulka

Kila Juni inapofika, magazeti ya Kinshasa na ya nje hukumbuka kwamba Kisangani ipo. Hutukumbuka kwa sababu ya siku zile sita, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana kwa mizinga katikati ya mitaa yetu. Makala hizo hutofautiana kwa urefu na kwa ufundi, lakini karibu zote hufikia aya moja ileile, ile inayoeleza watu wa Kisangani ni watu wa namna gani. Tunaambiwa sisi ni wapole. Ni wavumilivu. Ni watu wa mto, wasio na haraka, waliozoea kuteswa na wepesi wa kusamehe. Mji shahidi, wanatuita, kana kwamba tulizaliwa kwa kazi hiyo.

Naipinga aya hiyo. Wapo wenzangu wengi, hapa hapa katika komini za Makiso na Mangobo, wanaoipenda na kuirudia kwa fahari, kwa sababu inatusema vizuri. Mimi naona ni uongo, na uongo wenyewe una gharama ambayo hulipwa na sisi, mwandishi akiwa ameshapanda ndege.

Mwenye shaka arudi nyuma miaka thelathini na sita tu kutoka vita ile. Mwezi Agosti 1964 wapiganaji wa Simba waliingia mjini, wakati huo ukiitwa Stanleyville, na Septemba kiongozi wao Christophe Gbenye akatangaza Jamhuri ya Watu wa Kongo papa hapa. Wazungu kwa mamia walishikwa mateka. Wakongomani wengi zaidi, makarani, walimu, wanasiasa, waliuawa hadharani mbele ya mnara wa Lumumba. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walirushwa kutoka ndege za Marekani, na waliowafuata kwa barabara, jeshi la taifa pamoja na mamluki, wakaendeleza mauaji. Waandishi wa Ulaya na Marekani walioandika majuma yale hawakuona upole wowote Kisangani. Waliona ukatili, tena ukatili usio na makamanda wala amri, kitu walichodai kimo damuni mwa watu wa huku. Kwamba jeshi la Simba lilitoka upande wa Kindu chini ya Nicolas Olenga, kwamba lilikuwa na madai ya kisiasa na uadui wenye majina, hayo yaliachwa wanahistoria wayashughulikie baadaye.

Sasa tuziweke makala za aina hizo mbili, za 1964 na za kila Juni, kwenye meza moja. Mto ni uleule, na familia kwa sehemu kubwa ni zilezile: waliokuwa vijana mwaka 1964 ndio babu na bibi waliolala chini ya vitanda mwaka 2000 makombora yakipita juu ya mabati. Hulka, kwa maana wanayoitumia waandishi hawa wenyewe, ni kile kinachobaki hali zote zinapobadilika. Inawezekanaje basi hulka ya mji igeuke kinyume chake katika umri wa mtu mmoja? Kilichogeuka ni nani aliyeshika bunduki na nani aliyeelekezewa.

Na kati ya upole huo na ukatili huo kuna siku ambayo hakuna aya inayoiweza. Tarehe 14 Mei 2002 baadhi ya askari waliasi dhidi ya RCD-Goma, kundi lililoungwa mkono na Rwanda na lililoutawala mji, wakaiteka redio, wakawaita wananchi wawafukuze Wanyarwanda. Watu walimiminika mitaani. Baadhi yao waliwaua watu waliodhaniwa kuwa Wanyarwanda. Saa chache baadaye RCD-Goma ilirudi na kulipiza: Mangobo ilishambuliwa nyumba kwa nyumba, na kwenye daraja la Tshopo watu waliuawa na miili yao ikatupwa mtoni. Je, siku hiyo tulikuwa wapole au wakali? Swali hilo halina maana. Palikuwa na watu waliochoka kutawaliwa kwa mtutu, palikuwa na wauaji miongoni mwetu, palikuwa na makamanda wenye majina waliotoa amri. Ukiandika "Wakisangani ni..." kisha ukaweka sifa yoyote baada ya neno hilo, wote watatu wanapotea, na wa kwanza kufaidika ni yule aliyetoa amri.

Hivyo ndivyo kazi hii inavyofanyika, na ni kazi ya kiufundi kabisa. Mwandishi huchukua tendo, huondoa mtendaji, huondoa tarehe, huondoa sababu, kisha kile kinachobaki hukiita tabia. Joseph Conrad alifika hapa Septemba 1890 kwa meli ya Roi des Belges, akakaa siku chache. Pembeni mwa kituo cha Dola Huru ya Kongo palikuwa na mji wa Waungwana, wenye mashamba ya mpunga, wenye watu walioandikiana barua kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip ambaye Mfalme Leopold alimfanya gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, alikuwa ameshaondoka kurudi Unguja mwaka huohuo wa 1890, na mpwa wake Rashid ndiye aliyekuwa na sauti. Mwaka 1899 Conrad alipochapisha Heart of Darkness, mji huo wote haumo. Kituo cha mwisho wa mto kina Mzungu mmoja anayekufa, na msitu wenye watu wasio na majina, wasio na barua, wasio na bei ya kitu chochote. Ili Afrika iwe na hulka ya giza, ilibidi kwanza wafutwe wakazi wake waliokuwa wakifanya hesabu za biashara.

Simtakasi Tippu Tip kwa kusema hivyo. Watu wake walichoma vijiji vya Lomami na Aruwimi, wakateka watu, wakakusanya pembe kwa damu. Lakini hilo nalo ni historia, lina miaka yake na wahusika wake, na ndiyo maana nakasirishwa na waandishi wetu wa leo wanaowasema Waislamu wa Kisangani, wale ambao Wabelgiji waliwaita Waarabishwa, kana kwamba biashara ya utumwa ni sifa iliyorithiwa. Wengi wa watu hao wametokana na wenyeji waliosilimu na kujiunga na miji ile, na wengine na watekwa wenyewe. Kuwabebesha wajukuu wa waliotekwa tabia ya mtekaji, eti kwa sababu wanavaa kofia ileile, ni dhuluma.

Mwandishi V. S. Naipaul alikuja Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1975. Mwaka 1979 akatoa A Bend in the River, riwaya ambayo mji wake hautajwi jina, lakini hakuna msomaji wa hapa asiyeutambua. Ni riwaya iliyoandikwa kwa ustadi mkubwa, na ndiyo hatari yake. Wahakiki wengi waliichukua kama hati ya ushahidi juu ya namna tulivyo: watu ambao magofu huota miguuni mwao, ambao msitu huwarudia wakiachwa peke yao. Naipaul aliona maduka yaliyofungwa na rafu tupu, hakuvizua. Lakini tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alikuwa ametangaza biashara za wageni zikabidhiwe raia, na hapa maana yake ilikuwa maduka ya Wagiriki, Wareno na Wahindi kugawiwa watu waliokuwa karibu na chama. Mwaka 1974 bei ya shaba ikaanguka, na dola iliyokuwa ikikopa kwa kutegemea shaba ikaanguka nayo. Riwaya yenyewe inaonyesha duka la Salim, msimulizi wake, likitwaliwa na kupewa mwingine. Mwandishi aliijua sababu, akaiweka ndani ya hadithi, kisha akaiacha hewa ya kitabu kizima iseme kwamba sababu ya kweli ni sisi. Wasomaji waliisikiliza hewa.

Wageni, basi, wana lawama yao. Ila ningekuwa mnafiki kama ningeishia kwao, maana ufundi huu tumeujua wenyewe kwa muda mrefu, na tunautumia sisi kwa sisi kila siku. Mwaka 1952 na 1953 mtafiti Valdo Pons aliishi akichunguza Avenyu 21 ya Stanleyville, na kitabu chake kilichotoka 1969 kinabaki kuwa moja ya picha bora za mtaa wa Kiafrika zilizowahi kuandikwa. Wakazi wa avenyu ile walipangana kwa ngazi: nani ana mambo ya kizungu, nani bado ana mambo ya kishenzi. Na kabila lilikuwa kipimo cha haraka. Mlokele alihesabiwa amestaarabika, anajua biashara, anajua kuvaa. Mtopoke alipachikwa ushamba. Sitaki kuwadhihaki watu wale, maana walikuwa wakijitafutia heshima ndani ya mji ambao serikali ya kikoloni iliwapimia kila kitu, hadi saa ya kutembea usiku. Lakini tazama kilicho chini ya ngazi hiyo. Walokele wanaishi ukingoni mwa mto kutoka Isangi kuja huku, na tangu zamani walibadilishana samaki na mazao ya watu wa msituni kwa sababu kingo zao ni nyembamba na haziwalishi. Yakusu, misheni ya Wabaptisti wa Kiingereza, ilijengwa kwao katika miaka ya 1890, ikaja na shule, matbaa na hospitali. Mtoto wa Kilokele alizaliwa karibu na shule na karibu na meli. Wa Kitopoke alikuja mjini baadaye, mara nyingi kama kibarua. Ukiondoa shule na meli, kinachobaki cha "hulka ya Kilokele" ni nini? Nimewauliza wazee wa Kilokele swali hili, na jibu lao huwa ni orodha ya shule na ya masoko.

Kwa Wagenia jambo hili limekwenda mbali zaidi. Kila mgeni hupelekwa kwenye maporomoko kupiga picha: magogo yaliyosimikwa kati ya mawe na kufungwa kwa kamba za msituni, migono mikubwa ya fito ikishushwa kwenye maji yanayochemka, vijana wakirukia mkondo. Ni ufundi wa ajabu, nami nautazama kwa mshangao kila mara. Lakini picha imekuwa kabila. Mgenia wa makala ni mvuvi, jasiri, mwenye asili isiyoguswa, na anaishi mwaka wowote ule. Mgenia niliyesoma naye alikuwa mwanasheria. André Droogers, aliyeandika juu ya jando la Wagenia lililofanyika mwaka 1970, alilikuta likifanyika ndani ya mji, kati ya watu wenye kazi za mshahara na watoto wa shule, likibadilishwa na wenyewe kwa majadiliano makali kuhusu kipi kibaki na kipi kiachwe. Majadiliano hayo ndiyo utamaduni wenyewe. Ila hayafai kwa kadi ya posta.

Hata sifa nzuri zina ila hii. Wakati wa vita, kati ya 1998 na 2003, mstari wa mapigano uliukata mto, meli za Kinshasa zikakoma, mafuta yakawa dhahabu. Vijana, wakiwemo walimu na wanafunzi wa chuo kikuu, walichukua baiskeli, wakaweka kiti cha nyuma chenye sponji, wakaanza kubeba abiria. Ndio toleka. Baadaye nikasoma mara nyingi kwamba toleka inaonyesha ubunifu wa asili wa mtu wa Boyoma, yaani Kisangani, moyo wake wa kutokata tamaa. Wale niliowajua walikata tamaa sana. Mwalimu aliyekaa bila mshahara akipanda kilima na abiria wawili na gunia la mihogo hakuwa akidhihirisha asili ya mtu yeyote. Alikuwa akitafuta sombe ya jioni. Mwandishi anayeusifu moyo wake anamsamehe, bila kuombwa, yule aliyeula mshahara.

Nitajibiwa kwamba nabomoa bila kujenga. Rafiki yangu mmoja, anayefundisha historia, huniambia hivi: "Ndugu, mtoto asiye na neno la kujieleza yeye ni nani atalichukua neno la jirani. Afadhali tumpe la kwetu, hata kama limetiwa chumvi." Naiheshimu hoja hii, na ndiyo pekee inayoninyima usingizi. Mtoto wa Kisangani anazungumza Kiswahili na Lingala, anakula lituma kwa bibi mmoja na wali kwa bibi mwingine, na shuleni anafundishwa kwa Kifaransa. Anahitaji kujua anasimama wapi.

Lakini tumeshajaribu kumpa orodha. Dola ya Mobutu ilijaribu, kwa nguvu zote za dola: kuanzia 1971 sera ya Authenticité ilitueleza Mzaire halisi ni nani, anavaa nini, anaitwa jina gani, anamheshimuje chifu. Wasomi wazuri waliiandikia insha. Orodha ile ilimtumikia mtu mmoja, na sifa yake kuu ya Mwafrika halisi ilikuwa kwamba Mwafrika halisi hampingi baba. Huko pwani nako wamejaribu. Mwaka 1971 Carol Eastman aliuliza katika makala yake Waswahili ni akina nani, na baada yake wakaja wengine wengi, wa kigeni na wa pwani wenyewe, kila mmoja na mizani yake: Uislamu, nyumba ya mawe, ukoo wa mjini, ushairi. Kila mizani ilimwacha mtu nje ambaye majirani zake hawakuwa na shaka kwamba ni Mswahili. Lamu, Mombasa na Unguja hazikusubiri jibu ili ziendelee kuishi.

Kwa mtoto huyo mimi nina kitu kingine cha kumpa, nacho ni kigumu zaidi kuliko orodha: ajue nani alifanya nini hapa, pamoja na nani, dhidi ya nani. Ajue kwamba Patrice Lumumba, aliyezaliwa Onalua kule Sankuru, Mtetela, alikuja kufanya kazi posta ya mji huu katika miaka ya 1940, akaongoza vyama vya hapa, na kwamba mkutano wa chama chake uliofanyika hapa Oktoba 1959 uliishia kwa risasi na yeye kutiwa ndani. Mwaka 1960 mji na jimbo hili walimpigia kura kwa wingi. Wangetazama kabila wangemkataa. Watetela hapa walikuwa wachache. Wangetazama hulka ya upole ambayo makala za leo zinatupa, wangebaki nyumbani. Walimfuata kwa sababu ya jambo alilosema kuhusu uhuru na kwa sababu walilijaribu pamoja naye. Kama kuna kitu kinachostahili kuitwa utambulisho wa Kisangani, uamuzi ule wa kumchagua mgeni awe wetu unaingia ndani yake kabla ya upole na kabla ya migono.

Ajue pia kuhusu safari ya walemavu wa vita ya siku sita. Mwaka 2018 wanachama wa chama chao, watu waliokatwa miguu na mikono na mizinga ile, walipanda mashua ya mizigo hapa na kuteremka mto hadi Kinshasa, takriban kilomita 1,700, kwenda kudai fidia mbele ya bunge. Dieudo Hamadi, mtengenezaji filamu aliyezaliwa hapa mwaka 1984, alisafiri nao, na filamu yake, En route pour le milliard, iliteuliwa kwa tamasha la Cannes mwaka 2020. Itazame, kisha uniambie habari za uvumilivu. Wanagombana wao kwa wao, wanalia, wanawafokea walinzi wa mlangoni, wanakataa kuondoka. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikuwa imeamua tangu Desemba 2005 kwamba Uganda iliwajibika. Mwezi Februari 2022 ikapanga fidia ya dola milioni 325. Kesi dhidi ya Rwanda ilikwama mwaka 2006 kwa sababu mahakama haikuwa na mamlaka ya kuisikiliza. Mwandishi anayekuja hapa akaondoka na neno "wasamehevu" amewapokonya watu hao kesi yao. Anawaandikia wadaiwa risiti.

Nimetaja gharama, na kubwa kuliko zote tumeilipa hivi karibuni, ng'ambo ya mto. Mwaka 2023 mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, uliohusu eneo lililogawiwa kampuni ya kilimo, uligeuka kuwa mauaji katika vijiji na ndani ya komini ya Lubunga. Mamia ya watu walikufa. Maelfu kwa maelfu walivuka mto kwa mitumbwi, wakalala kwenye shule na makanisa upande wa kulia. Watu hawa walikuwa wameoana kwa vizazi, wakiuziana chikwanga katika soko moja. Juma la kwanza tu la mauaji niliwasikia watu wenye elimu, baadhi yao wanaoandika, wakieleza yaliyotokea kwa hulka: Wambole ndivyo walivyo tangu zamani, Walengola ndivyo walivyo. Baadhi waliyanukuu maelezo ya maofisa wa kikoloni waliozipitia njia zile na daftari la kodi mkononi, wakayaita elimu. Sentensi zile zilitembea kwenye simu haraka kuliko mitumbwi. Kijana aliyeshika panga hahitaji mwandishi amwambie aue. Inamtosha kwamba mtu anayeheshimiwa amemwambia kuwa yule wa pili hawezi kuwa vingine.

Ardhi ile ina ramani, na ugawaji wake una karatasi. Anayetaka kutuandikia Mmbole na Mlengola ni watu gani aanze na karatasi hiyo: nani aliitia sahihi, kwa mamlaka ya nani, wazee gani waliitwa kwenye kikao na wepi hawakuulizwa, fedha zilipita mikono ya nani. Akimaliza, aje Lubunga awaulize wajane wa pande zote mbili wanadai nini, naye ayaandike madai hayo kama yalivyo, kwa majina ya waliodaiwa.